Kura Tatu za Kituoni Kwangu

Hotuba kwa wanawake na vijana wanaojiandaa kugombea uongozi, Singida, Julai 2022

Mama zangu na baba zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo.

Mlinitaka nizungumze juu ya mchango wa mwanamke katika siasa za vyama vingi. Naomba mniruhusu nikate kipande kimoja tu cha mada hiyo. Mwezi huu unatimia mwaka mmoja tangu Mama Anna Mghwira atutoke. Alizaliwa hapa kwetu Singida mwaka 1959, akasoma theolojia, akasoma sheria, na mwaka 2015 akagombea urais wa nchi hii kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. Karatasi ya kura ilikuwa na majina manane. Mwanamke alikuwa yeye peke yake. Nataka kuzungumza juu ya mgombea wa namna yake, yule wa tatu, ambaye watu wanasema hawezi kushinda, na juu ya wanaosimama naye mchana kweupe.

Nianze na usiku wa tarehe 25 Oktoba 2015. Nilikuwa nimepiga kura asubuhi. Usiku matokeo yakabandikwa nje ya kituo, nikaenda kuyasoma kwa mwanga wa simu. Pale palikuwa na watu wengi, wa CCM wanapiga vigelegele, wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wanabishana na wenzao juu ya vituo vingine. Mimi nikashusha kidole kwenye orodha mpaka kwa Mghwira. Kura tatu.

Moja niliijua, ilikuwa yangu. Nikageuka nikatazama nyuso za watu waliosimama pale, nikijiuliza hao wawili ni nani. Sikuuliza kwa sauti. Nao hawakusema. Tukaondoka, kila mtu na njia yake, na kwa miaka kadhaa nikawa napishana na watu wa mtaa wangu nikiwaza: huenda ni huyu.

Nchi nzima alipata kura 98,763. Ni asilimia 0.65. Magufuli wa CCM alipata 8,882,935, Lowassa wa UKAWA 6,072,848. Najua jinsi namba hizo zinavyosikika zikisomwa pamoja. Lakini fanyeni hesabu nyingine. Vituo vya kupigia kura mwaka ule vilikuwa zaidi ya elfu sitini. Gawanyeni. Unapata kura moja na nusu kwa kila kituo. Maana yake ni kwamba katika nchi nzima, kituo baada ya kituo, palikuwa na mtu mmoja au wawili waliosoma orodha usiku ule kama mimi, wakaiona namba yao ndogo, wakanyamaza, wakaenda kulala. Tulikuwa karibu laki moja, na kila mmoja wetu alidhani yuko peke yake.

Upweke ule ndio ulionileta hapa leo.

Tunafundishwa kwamba kura ni siri, na ni kweli, na Mungu atusaidie ibaki kuwa siri. Ila mgombea wa urais hafiki kwenye karatasi ya kura kwa siri. Sheria yetu inamtaka alete wadhamini, wapiga kura walioandikishwa, wasiopungua mia mbili katika kila mkoa, katika mikoa isiyopungua kumi, na miwili kati ya hiyo iwe ya Zanzibar. Hesabu ya chini kabisa ni watu elfu mbili. Kila mmoja anaandika jina lake na namba ya kadi yake ya mpiga kura, anatia saini. Kwa chama kikubwa kazi hiyo inaisha kwa siku moja, tena kwa ngoma. Mgombea anafika mkoani anakuta foleni, wamejaa kupita mahitaji. Kwa chama kilichosajiliwa mwaka mmoja tu nyuma, kama ACT wakati ule, unawatafuta mmoja mmoja.

Mimi nilikuwa miongoni mwa waliozunguka na karatasi. Sokoni, stendi, vijiwe vya bodaboda, kwa akina mama wanaochambua vitunguu. Mzee mmoja niliyemheshimu sana alinisikiliza kwa makini, akanikaribisha kiti, akanipa maji. Mwisho akasema, "Mwanangu, mama yako huyo nitampigia kura, lakini jina langu siandiki. Nina kibanda, nina watoto wanatafuta ajira." Sikumlaumu. Wapo waliowahi kuulizwa maswali na wakubwa wao kwa sababu ya kuonekana tu kwenye mkutano. Hofu ile haikutoka hewani.

Jirani yake, mama lishe, alikuwa anatusikia huku anakoroga uji. Akaja akifuta mikono kwenye kanga, akaniomba nimsomee karatasi yote, neno kwa neno. Nikamsomea. Akasema, "Siri ya kura ni ya siku ya kura. Leo ni siku ya jina." Akaandika taratibu, herufi kubwa, akanirudishia kalamu.

Siku ya jina. Tangu hapo nimekuwa nikizigawa siku za siasa namna hiyo. Siku ya kura sheria inakulinda, uko wewe na karatasi nyuma ya pazia. Siku ya jina hulindwi na kitu, uko wewe na majirani. Mgombea mkubwa anaishi kwa siku ya kura. Mgombea wa tatu asipopata watu wa siku ya jina hana pa kuanzia. Hana magari mengi, hana wasanii jukwaani, hana fulana za kugawa. Ana watu wanaosema "mimi niko naye", na mwingine akisikia anasema "kumbe si mimi tu".

Sasa nije kwenye neno tuliloambiwa kuliko maneno yote. "Unapoteza kura." "Mnagawa kura za upinzani." Na lile baya zaidi, "Nyinyi ni CCM B." Mwaka 2015 neno hilo lilitembea kama moto wa nyika. Lowassa alikuwa ametoka CCM mwezi Julai akaingia Chadema, na vyama vinne vya UKAWA vikamsimamisha. Watu wengi waliona safari hii ndiyo yenyewe, na kila asiyepanda gari lile alionekana adui. Nakumbuka kijana niliyemlea mwenyewe aliniambia machoni, "Mama, historia itawahukumu."

Basi tuiache hesabu ihukumu. Tofauti kati ya Magufuli na Lowassa, kwa matokeo ya Tume ya Uchaguzi, ilikuwa kura 2,810,087. Chukueni kura zote za Mghwira, ongezeni za Lutalosa Yemba wa ADC, za Hashim Rungwe wa CHAUMMA, za wale wengine watatu. Jumla yake ni 238,079. Mpeni Lowassa zote, asibakie mtu hata mmoja. Bado anabaki nyuma kwa zaidi ya milioni mbili na nusu. Hakuna kura ya Mghwira iliyomzuia mtu yeyote kuingia Ikulu.

Na kuhusu kupoteza kura: mwaka huohuo kura zilizoharibika kwelikweli, zilizokataliwa mezani kwa sababu alama ilikosewa, zilikuwa kama laki nne. Ni mara nne ya kura zote za Mama Mghwira. Sikusikia kampeni hata moja ikiwalilia hao. Tulikuwa na watu laki nne wa kufundishwa jinsi ya kupiga kura, tukatumia pumzi yetu kuwagombeza elfu tisini na nane waliokuwa wameipiga sawasawa.

Najua mtu mwenye busara atanijibu kwamba 2015 ilikuwa hivyo, ila si kila mwaka kutakuwa hivyo. Ni kweli. Ipo siku tofauti itakuwa ndogo na mgombea wa tatu atakuwa ameshika mizani. Kwa wenzetu wa Kenya, wanaopiga kura mwezi ujao, jambo hilo ni la kawaida kabisa, kwa sababu Katiba yao inamtaka rais avuke nusu ya kura zote na apate robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24, la sivyo uchaguzi wa urais unarudiwa kati ya wawili wa juu. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alipata asilimia 50.07. Alivuka mstari kwa kura elfu nane na ushee tu. Pale, kila aliyempigia Mudavadi, Karua au Peter Kenneth alikuwa karibu sana kuipeleka nchi kwenye duru ya pili. Sisi tulikuwa na sharti la kuvuka nusu, tukaliondoa kwa mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000. Tangu hapo anayeongoza kwa kura, hata kama ni chini ya nusu, ameshinda. Nasema wazi kwamba tulikosea. Sharti la nusu linampa mpiga kura nafasi ya kusema la moyoni mwake kwanza, kisha achague kati ya wawili. Sisi tunamlazimisha aanze na hofu.

Tena huku kwetu huwezi kugombea bila chama. Marehemu Mchungaji Mtikila alipigania mgombea binafsi tangu miaka ya tisini, akashinda Mahakama Kuu, Bunge likabadili Katiba, akarudi tena mahakamani, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki. Bado mpaka leo mlango umefungwa. Kwa hiyo anayetaka kusema jambo ambalo vyama viwili vikubwa havisemi, lazima aingie chama kidogo au akiunde.

Na Mama Mghwira alikuwa na la kusema. Juni 2015, kule Tabora, chama chake kilitangaza Azimio la Tabora, kikisema kinataka kurudisha misingi ya Azimio la Arusha katika mazingira ya sasa: usawa, uzalendo, maadili ya viongozi. Kiongozi aweke mali zake wazi ili wananchi waone alichoingia nacho na atakachotoka nacho. Mwezi Oktoba uliandaliwa mdahalo wa wagombea urais kwenye televisheni. Yeye alikwenda. Wale wawili wakubwa hawakuwepo. Mimi nilikaa mbele ya televisheni ya jirani, nikamwona anajibu swali la afya, swali la elimu, hapayuki, hamtukani mtu. Watu waliokuwa wamekuja kusubiri taarifa ya habari wakanyamaza wakasikiliza. Mmoja akasema, "Huyu mama anajua." Kisha akaongeza, "Bahati mbaya."

Neno hilo la mwisho ndilo ninalopambana nalo. Bahati mbaya ya nani? Sisi wenyewe ndio bahati. Yule bwana alikuwa na kadi ya kupigia kura mfukoni.

Halafu tazameni historia yetu ya karibu. Mwaka 2005 mgombea wa tatu alikuwa Freeman Mbowe wa Chadema. Alipata chini ya asilimia sita. Waliomshangilia walichekwa, wakaambiwa chama chao ni cha mkoa mmoja. Miaka mitano baadaye chama hichohicho, kwa Dk. Slaa, kikawa cha pili kwa zaidi ya asilimia 26, na CUF ya Profesa Lipumba iliyokuwa ya pili ikashuka kuwa ya tatu. Mzee Mrema naye, aliyesukumwa na vijana kwenye gari mwaka 1995 akapata karibu asilimia 28, mwaka 2000 alikuwa wa tatu, hajafika hata asilimia nane. Nafasi ya tatu kwetu ina mlango pande zote mbili.

Sasa kuna jambo linaloniumiza kulisema, lakini nisipolisema hotuba hii itakuwa pambo. Mwaka 2020 ACT-Wazalendo ilikuwa kubwa kuliko 2015. Maalim Seif Sharif Hamad alikuwa ameingia mwaka mmoja kabla na umati wa watu wake kutoka CUF. Mgombea urais wa Muungano alikuwa Bernard Membe, mtu aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka minane, anayejulikana dunia nzima. Katikati ya kampeni, Maalim na Ndugu Zitto Kabwe, kiongozi wa chama, wakatangaza hadharani kwamba wanamuunga mkono Tundu Lissu wa Chadema. Membe akasema yeye bado ni mgombea halali. Jina lake likabaki kwenye karatasi ya kura. Matokeo ya Tume yakampa kura 81,129.

Uchaguzi wa 2020 una malalamiko yake makubwa, vyama vya upinzani vilikataa matokeo, na sitaki mtu adhani nayapita nikifumba macho. Ninachokiangalia ni kimoja. Msomi wa theolojia na sheria, asiyejulikana sana, akiwa na chama kichanga na viongozi wake wakisimama naye mpaka siku ya mwisho, alipata kura nyingi kuliko waziri wa miaka minane ambaye viongozi wake walihamia kwa mwingine huku jina lake liko kwenye karatasi. Waliofanya hivyo walikuwa na sababu nzito, walitaka nguvu ya upinzani isigawanyike, na mimi siwezi kuwaita wasaliti. Lakini namfikiria yule wa kijijini aliyeandika jina lake kumdhamini Membe mwezi Agosti. Nani alikwenda kumwambia? Aliisikia redioni kama watu wengine. Jina lake alilitoa kwa mkono, likarudishwa kwa tangazo.

Nyinyi mnaojiandaa kugombea udiwani na ubunge mwaka 2025, wengi wenu mtakuwa wa tatu. Naomba msikwazike, naongea na nyinyi kama mama. Ukiwa wa tatu, daftari la wadhamini wako usilifungie kabatini baada ya kurudisha fomu. Wale ndio watu wako wa siku ya jina. Wajue kwa sura. Wape kazi ya uwakala, maana kituo ambacho huna wakala hujui kilichotokea, na chama kidogo hakina fedha ya posho ya kuwalipa wakala elfu sitini. Mdhamini aliyeweka jina bila kulipwa ndiye atakayekaa kituoni mpaka usiku bila kununuliwa kwa chapati na soda. Na ukiamua kujitoa, au kumwachia mwenzako, usianze na waandishi wa habari. Anza na hao. Nenda sokoni, nenda kijiweni, kaa kwenye kile kiti ulichokaribishwa, sema.

Na wewe usiyegombea, unayempenda mgombea ambaye watu wanasema hawezi, sema jina lake. Mwambie jirani. Mwambie mume wako. Sisemi ugombane, sisemi uvae rangi yake msibani. Mtu akikuuliza unamtaka nani, jibu kwa sauti ileile unayotumia kutaja bei ya mafuta.

Mama Mghwira tulimwona siku ya kumkabidhi Magufuli cheti cha ushindi, amekwenda, mwanamke aliyeshindwa na anayesimama wima. Mwaka 2017 Rais Magufuli alimteua kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro, na mwisho wa mwaka huo akaingia CCM. Watu walinijia sokoni wakicheka, "Mama yako kahama." Niliwajibu kwamba mimi nilimdhamini agombee urais, na aligombea, na nilichokiandika kwenye karatasi ile hakijafutika. Siku hizi nchi inaongozwa na Rais Samia Suluhu Hassan, na mjukuu wangu wa miaka sita anadhani marais wote ni wanawake. Mwaka 2015 jina la Mama Samia lilikuwa kwenye karatasi ileile, kama mgombea mwenza. Lililotaka nafasi ya juu kabisa kati ya wanawake lilikuwa la mama wa Singida, na kabla yake, mwaka 2005, alikuwa Anna Senkoro wa PPT-Maendeleo, aliyepata kura elfu kumi na nane na ushee. Mwaka 2020 wanawake wakawa wawili. Watajeni wote.

Julai ya mwaka jana, habari ya kifo chake ilipofika, nilikuwa kwenye daladala natoka Misuna na madumu yangu ya mafuta. Redio ikatangaza. Abiria wakaguna, kila mtu na lake. Mwanamume mmoja aliyekaa kiti cha mbele, fundi baiskeli wa mtaani kwangu, mtu niliyenunua kwake spoki na tairi za baiskeli ya mwanangu miaka nenda rudi, akavua kofia akaishika magotini. Akasema, wala hakuwa anasema na mtu, "Mimi nilimpigia huyu mama."

Nikamwuliza kituo gani. Akataja. Ni kituo changu.

Tulishuka pamoja. Tulisimama pale stendi muda mrefu, madumu chini, tukizungumza kama ndugu waliopotezana, miaka sita karibu tukiishi umbali wa nyumba nne. Alikuwa na maswali kuhusu Azimio la Tabora ambayo hakuwahi kupata mtu wa kumwuliza. Sasa hivi yuko hapa, amekaa safu ya nyuma upande wa dirisha, na mwaka 2025 atakuwa wakala wa binti mmoja kati yenu.

Yule wa tatu sijampata bado. Kituo ni kile cha shuleni, chumba cha kwanza ukiingia. Kama yumo humu ndani, tuonane nje baada ya chai.